Mdomo wa Migi

Ndege iliyochorwa juu ya boksi imelaza bawa, moto unatoka nyuma, mawingu yanakimbia chini ya tumbo lake. Ndege iliyomo ndani ya boksi ni fremu chache za plastiki ya kijivu zilizoshikilia vipande vidogo, karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nne, na alama za kulowekwa majini. Kuna na ndege ya tatu, ambayo haimo juu wala ndani: ile ya aluminiamu iliyowahi kuunguruma angani kwelikweli, yenye mita 7.154 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Ukiigawanya namba hiyo kwa 72 unapata milimita 99.4. Mjomba wangu alianzia hapo. Kabla hajakata kipande hata kimoja kutoka kwenye fremu, alipima mabawa kwa kalipa, akaandika 99, akaguna kwa kuridhika, akahamia puani.

Mjomba ni fundi rangi mstaafu. Ujana wake wote alikuwa akinyoosha bodi na kupiga rangi magari Mbeya mjini, kisha akarudi Tukuyu, mtaa wa Bulyaga, kulima parachichi na migomba, na kuunda ndege. Mtaani kila anachokiunda huitwa migi, hata kiwe ndege ya abiria, kwa sababu kwa watu wa rika lake, waliosikiliza vita vya Kagera redioni mwaka 1978, ndege yoyote ya kivita ilikuwa migi na basi. Maboksi yenyewe hayauzwi Tukuyu. Huja ndani ya begi la ndugu anayerudi kutoka ng'ambo, yamebanwa kati ya viatu na masweta, na mara nyingi yule ndugu hajui alichobeba ni toleo gani. "Nimekuletea jeti," husema. Mjomba hupokea kwa mikono miwili, hushukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, kisha huenda kukagua kama ni jeti ipi.

Safari hii ilikuwa MiG-21. Boksi lilisema hivyo tu, bila herufi za nyuma, na herufi za nyuma ndizo zenye habari. MiG-21 zilitengenezwa zaidi ya 10,000 katika Umoja wa Kisovyeti peke yake, zikaongezwa nyingine Chekoslovakia na India, na kwa miaka yote hiyo ndege iliendelea kunenepa na kubadilika umbo. Ya mwanzo na ya mwisho ni ndugu wa tumbo moja, lakini huwezi kumvalisha mmoja shati la mwingine. Mjomba alitaka ile ya mwanzo, MiG-21F-13, nyembamba, yenye pua ndogo, kwa kuwa ndiyo iliyozaa ndege ya Kichina inayoitwa J-7, na J-7 ya kuuzwa nje, kwa jina la F-7A, ilinunuliwa na nchi mbili: Albania na Tanzania.

Historia ya J-7 inafaa kusimuliwa polepole, maana ndiyo iliyonifanya niache kuiona kazi ya mjomba kama mchezo wa mstaafu. Mwaka 1961 Wasovyeti walikubali kuwapa Wachina haki ya kutengeneza MiG-21. Urafiki wa Moscow na Beijing ulikuwa tayari umeingia nyufa. Ndege chache zilifika, nyingine zikiwa vipande ndani ya makasha, na nyaraka za ufundi zilizokuja nazo hazikukamilika. Wataalamu wa kuwauliza nao hawakuwapo. Wahandisi wa Shenyang wakabaki na vipande mezani, michoro yenye mapengo, na ndege moja moja za kupimia. Ikabidi wapime, wakokotoe, waandike upya nyaraka zilizokosekana, na kutafuta kwa nini kipande fulani kilikuwa na unene ule na si mwingine. J-7 ya kwanza ikaruka tarehe 17 Januari 1966. Kutoka hapo wakaendelea kuirekebisha, toleo juu ya toleo, mpaka viwanda vilipoacha kuitengeneza mwaka 2013.

Kwa maneno mengine, F-7A yenyewe ni boksi la vipande lililofunguliwa na watu waliogundua kwamba maelekezo hayatoshi. Nilipomwambia mjomba hivyo alicheka. "Wao walikuwa na serikali nyuma yao, mjomba. Mimi nina venia na mtungi wa tina."

Kalipa yake huiita venia, jina walilolizoea waliopita darasa la fizikia. Aliinunua ikiwa imetumika, ya chuma, isiyo na betri. Kwa kalipa hiyo alipima mdomo wa ndege ya boksi, lile tundu la mbele linalomeza hewa, akapata milimita 12. Akaipima tena kwa kuigeuza. 12. Mdomo wa F-13 halisi una kipenyo cha milimita 690, na 690 ukigawanya kwa 72 ni 9.6. Tofauti ya milimita 2 na ushee ni ndogo kwa macho ya mpita njia, lakini mwenye kuifahamu ndege hiyo ataona mara moja kwamba kuna kitu hakiko sawa usoni, hata kabla hajajua ni nini.

Kilichonivutia ni hatua iliyofuata. Mtu mwingine angesema kiwanda kimekosea, akaanza kukata. Mjomba alizidisha 12 kwa 72, akapata 864, akatulia. Matoleo ya baadaye ya MiG-21, kuanzia PF, yalipanuliwa mdomo kufika milimita 870 hivi, kwa sababu ndani ya ile koni iliyokaa katikati ya mdomo kulitiwa rada kubwa zaidi; koni ikanenepa, na mdomo ukalazimika kupanuka ili injini isikose hewa. Basi aliyechora boksi hili hakubahatisha. Alichukua mdomo wa PF akaubandika kwenye mwili wa F-13. Mjomba akaenda kuhakikisha kwenye magurudumu: F-13 ina magurudumu makuu ya milimita 660, PF ya milimita 800, na hayo makubwa hayakuenea mwilini yakikunjwa, hivyo mwili wa PF ukavimba kidogo pale yanapolala. Magurudumu ya boksi yalikuwa milimita 9.2, na mwili haukuwa na uvimbe. F-13 kila mahali isipokuwa mdomoni. Sasa alijua ugonjwa, si dalili tu, na alijua pia kwamba hana haja ya kugusa magurudumu.

Makosa ya namna hii huwa na sababu zake, na fundi asiyezijua hurekebisha kwa hasira. Mchoraji wa kiwanda mara nyingi hakuiona ndege. Alichora kutoka michoro iliyochorwa kutoka picha. Hata alipoiona, kuna mambo ambayo chuma hakimruhusu. Plastiki ya moto hushindiliwa ndani ya umbo la chuma lenye pande mbili, na pande hizo lazima zifunguke bila kunasa kipande, kwa hiyo ubavu ulioinuka wima hulazwa kidogo, na kona iliyoingia ndani hufutwa. Ukingo wa nyuma wa bawa huwa mnene kwa sababu plastiki haiwezi kukimbia hadi mwisho wa nafasi nyembamba mno kabla haijapoa. Mahali palipo na plastiki nene, hupoa kwa kuchelewa na kunywea, pakabaki kidimbwi juu. Mjomba huvijua vidimbwi hivyo bila kuviona. Huvitafuta kwa ncha za vidole huku akiangalia pembeni, vilevile alivyokuwa akitafuta mibonyeo ya milango ya magari, na akishavipata hukiinua kipande kando ya dirisha ili mwanga upite juu yake kwa ulalo na kumthibitishia.

Kipimo cha 1 kwa 72 kilitokana na hesabu za Waingereza: inchi moja kusimamia futi sita. Mwaka 1936 kampuni ya Frog ilianza kuuza ndege za plastiki za kuunganisha kwa kipimo hicho, kwa jina la Penguin, na wengi wameshikamana nacho tangu hapo. Kina faida ya nafasi, kikosi kizima huenea kwenye rafu moja. Ubaya wake ni kwamba unene wa ukucha ni ubao. Ukingo wa nyuma wa bawa ukiwa na milimita 0.6 mezani, ni zaidi ya sentimita 4 kwenye ndege halisi, na hakuna bawa la ndege ya mwendo kasi kuliko sauti lenye ukingo kama huo. Mjomba hukwangua upande wa ndani wa vipande vya bawa kabla ya kuviunganisha, si upande wa nje, ili michoro ya juu isipotee. Ni kazi ya kuchosha na haina cha kuonyesha. Ikifanywa vizuri hakuna atakayejua kwamba ilifanywa.

Turudi mdomoni. Aliikata pua kwa msumeno mwembamba mbele kidogo ya chumba cha rubani, akaiweka kando. Alihitaji pete mpya yenye tundu la 9.6, na kuanzia hapo pua nzima ichongwe upya, ikipungua taratibu kutoka mwilini hadi kwenye mdomo mwembamba. Plastiki ya ziada aliitoa jikoni. Vifaa vya boksi ni vya polistirini, na gundi yake hufanya kazi kwa kuyeyusha nyuso mbili zishikane ziwe kitu kimoja. Ukiweka plastiki ya aina nyingine, gundi itakauka juu yake bila kuiuma. Kwa hiyo kila kikombe cha mtindi, kila kifuniko na kila mrija wa kalamu hupita kwenye bakuli la maji kwanza. Kipande cha polistirini huzama. Vile vya plastiki laini, kama vifuniko vingi vya chupa, huelea, na hivyo hutupwa kando. Baadhi ya plastiki nyingine nazo huzama, kwa hiyo aliyezama hutiwa tone la tina: akilegea na kunata, amepita.

Alikata viduara vya kikombe cha mtindi, akavigandisha kimoja juu ya kingine mpaka pakawa na kigogo kifupi, akakiacha kikauke kabisa. Halafu akakifunga kwenye drili ya mkono, akaizungusha taratibu huku msasa namba 400 ukila nje. Ndani alitoboa kwa biti ya milimita 9, akamalizia kwa msasa uliozungushwa kwenye penseli. Alipima, akasugua, akapima. Wakati huo wote redio ilikuwa ikizungumza na yeye hakujibu. Pete ya kwanza ilipasuka. Ya pili ilikuwa 9.7 na aliitazama kwa muda mrefu, akaitia kwenye kopo la akiba. Mimi ningeikubali. Sehemu ya kumi ya milimita! Lakini yeye alikuwa na hoja: baada ya rangi ya msingi na rangi ya juu tundu litapungua, ukingo utakuwa mnene, na akianza na pete ambayo haipendi atakuwa anaitafutia visingizio mpaka mwisho.

Pengo kati ya pete na mwili alilijaza kwa pati, ileile bodifila ya gereji, kidogo kidogo, tabaka nyembamba, kwa sababu inapokauka hutoa joto na tabaka nene lingekunja plastiki. Hapo ndipo miaka yake ya magari ilipoonekana. Alikata kipande cha kadi ngumu kufuata mchoro wa ubavu wa pua, akawa anakisimamisha juu ya pati na kutazama mwanga unapopenya chini yake. Penye mwanga pameliwa mno, pasipo na mwanga bado. Alisugua kwa msasa wa maji uliofungwa kwenye kipande cha kandambili, kamwe si kwa kidole, maana kidole hufuata bonde badala ya kulikata.

Kioo cha rubani kilikuwa na shida ya aina nyingine. Kwenye F-13 kioo chote, cha mbele na cha juu, ni kitu kimoja kinachofunguka kwa kuinuka kuelekea mbele. Wasovyeti walikuwa na nia njema: rubani akiruka kwa kiti, kioo kiondoke pamoja naye kikiwa ngao dhidi ya upepo. Mpango huo ulileta matatizo, wakauacha kwenye matoleo ya baadaye, na Wachina nao wakaja kuweka kioo cha mbele kisichosogea na cha nyuma kinachofunguka upande mwingine. Kwa F-7A ni kile cha zamani. Cha boksi kilikuwa bapa mno juu, tena kinene, ukitazama ndani unaona kiti kimepinda kama kijiko ndani ya glasi ya maji.

Hakuna dukani kioo cha namna hiyo. Mjomba alichukua kipande cha mpingo, mabaki ya kazi ya mchonga vinyago, akachonga umbo la kioo likiwa dogo kwa unene wa plastiki. Mpingo kwa sababu nyuzi zake ni za karibu mno na haziachi alama. Alishajaribu mkaratusi, kioo kikatoka na mistari ya mti. Akalisugua mpaka likang'aa, akalitumbukiza ndani ya chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa kitako, akaishika chupa juu ya jiko la mkaa kwa koleo, mbali na makaa, akiizungusha.

Chupa ya maji ilipotengenezwa kiwandani ilianza ikiwa kijibomba kifupi kinene, kikapashwa moto na kupulizwa mpaka kikatanuka. Plastiki ile haikusahau. Ikipata joto tena hujaribu kurudi ilikotoka, hunywea na kukumbatia chochote kilichoko ndani. Unaona chupa inalegea, inakunjamana, kisha ghafla inaganda juu ya mpingo bila hata kikunjo. Anaitoa, anaiacha ipoe, anakata kwa wembe kufuata mstari aliouchora kwenye mti. Nyingi zilitoka na ukungu au kiputo. Ile iliyotoka safi ilikuwa nyembamba kiasi kwamba ukiiweka juu ya gazeti unasoma bila kukwama. Ndani yake alisimamisha kipande kidogo cha bapa, kwa sababu F-13 ilikuwa na kioo kingine kinene cha kuzuia risasi nyuma ya kile cha nje. Nani atakiona? Niliuliza, nikajibiwa kwa kupewa miwani.

Mambo ya tumbo niyapite haraka. MiG-21 ya boksi ikisimama kwa magurudumu yake matatu hukaa mkia, kwa hiyo inahitaji uzito puani, na koni ya mdomoni ndiyo nafasi. Mjomba hutumia chubwi za risasi za nyavu kutoka kwa wavuvi wa Kyela, anazikata kwa koleo, ananawa mikono kwa sabuni. Huzishika kwa supagluu tu. Gundi nyeupe ya mbao ina tindikali inayoila risasi polepole, risasi huota unga na kuvimba, na baada ya miaka pua ya ndege hupasuka yenyewe ikiwa rafuni. Ana moja iliyopasuka hivyo, ameiacha ilivyo, imegeuzwa ukutani.

Kisha mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hata siku isiyo na mvua Mlima Rungwe huweza kushusha ukungu mchana hadi barabara ya Kyela ikawasha taa. Migomba, chai na parachichi hushukuru. Rangi hazishukuru. Rangi inayochanganywa na tina kali hukauka kwa tina kuruka hewani, na tina inaporuka huchukua joto la pale ilipokaa. Uso wa kipande hupoa kuliko hewa, unyevu uliomo hewani hutua juu yake, na rangi iliyokuwa nyeusi inayong'aa inageuka majivu mbele ya macho yako. Wapiga rangi wa magari wote wa nyanda za juu wanaijua aibu hiyo. Mjomba ana dawa tatu. Hutafuta tina inayokauka polepole. Hungoja Septemba na Oktoba, miezi mikavu. Na hukausha vipande ndani ya sanduku la mbao lenye balbu ya zamani ya kutoa joto, ya aina wanayowashia vifaranga, iliyowekwa mbali, maana polistirini hulegea vizuri kabla ya nyuzi 100 na yeye hataki bawa lililoinama.

Praima ya kijivu ilipopulizwa, ndege ikawa kitu kimoja kwa mara ya kwanza. Mpaka hapo ilikuwa viraka: kijivu cha boksi, nyeupe ya mtindi, njano ya pati. Sasa huwezi kujua mpaka uko wapi. Niliizungusha mkononi nikitafuta pale pua ilipokatwa, na nilikuwapo ilipokatwa, nikashindwa. Mdomo mwembamba umebadilisha ndege nzima. Ile ya boksi ilikuwa na uso wa mtu aliyeshangaa; hii imefunga midomo, ina haraka.

Kuna jambo ambalo mimi na mjomba hatukubaliani. Kwenye mwili wa ndege hizi viwanda huchora mistari kuonyesha mabati yanapokutana. Mstari wenye upana wa milimita 0.2 ukiukuza mara 72 ni milimita 14.4, mfereji wa kuingiza kidole. Hakuna mfereji kama huo kwenye ndege yoyote. Mabati ya MiG yamekutana kiasi kwamba ukiwa umbali wa hatua chache huoni kitu. Kwa kipimo alichokitumia mdomoni, mistari ile yote ingepaswa kufukiwa. Nilimwambia. Yeye, ambaye alitupa pete kwa sehemu ya kumi ya milimita, anaiacha mistari, na ile iliyofutika kwenye pati anaichonga upya kwa sindano iliyofungwa kwenye kijiti. Anasema ndege bila mistari hugeuka sabuni. Jicho, anasema, hutaka pa kutua. Nimezitazama zake zilizopo rafuni na ninakiri zinavutia, lakini naona hapo ameacha kuifuata ndege ya tatu akaifuata ile iliyochorwa juu ya boksi. Rivati kwa upande mwingine hazigusi kabisa, na waunda ndege wanaozihesabu moja moja anawaonea huruma. Kila fundi ana mahali anapoamua kwamba usahihi umetosha, na mahali pa mjomba ni pa ajabu kidogo.

Marekebisho yote huyaandika kwenye kitabu cha mistari kama cha mwanafunzi: jina la ndege, kipimo halisi, kipimo cha boksi, tofauti, sababu anayoidhani, na alichokifanya. Ukurasa wa Migi umejaa hadi pambizoni. Hapo ndipo alipoingia kijana wa kidato cha tatu anayepita kila siku akitoka shule, ambaye amekuwa akisimama mlangoni bila kusema.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ingia, usikanyage waya."

Kijana hana boksi wala hatakuwa nalo karibuni. Alitaka namba. Anaunda Migi ya kwake kwa mianzi na katoni, 1 kwa 10, kwa kuwa kugawanya kwa kumi hakuhitaji kikokotoo: mabawa sentimita 71.5, mdomo sentimita 6.9. Kwa mdomo alikuwa na kopo la nyanya, na alikuja nalo mfukoni. Mjomba alilipima. Milimita 73. Akampa kalipa ajisomee mwenyewe, na kijana akasoma 73, akasema, kwa sauti ya mtu anayetarajia kusamehewa, kwamba ni milimita 4 tu. Mjomba akamwambia azidishe kwa kumi aone rubani amezidishiwa nini. Sentimita 4. Kijana alikaa kwenye kigoda, akakokotoa mzunguko, akalikata kopo ubavuni kwa mkasi wa bati, akaondoa ukanda wa upana wa milimita 12 na nusu, akalibana na kulifunga waya, wakapima tena wote wawili wakiwa wameinama. 69.

Kitabu alipewa aende nacho nyumbani mpaka Jumatatu. Kalipa hakupewa.